Mtoaji ni Nani? Uhakiki wa Istilahi ya Rushwa ya Ngono na Kanuni za Shule na Kazi Kampala

Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopendekeza, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wafasiri wa kanuni za Kampala walirithi swali gumu: kosa linalokatazwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 litaitwaje? Jina linalovuma zaidi, rushwa ya ngono, limetoka Tanzania. Linaeleweka upesi, na lina kasoro kubwa.

Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na kwa kawaida wote wawili huhesabiwa wakosaji. Ndiyo maana mwanafunzi aliyetishiwa kufelishwa husemwa kuwa “ametoa” rushwa, kana kwamba alikwenda sokoni na bei yake mkononi. Sheria yenyewe ya Tanzania haisemi hivyo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki. Aliyedaiwa amefanywa mshirika na jina, si na kifungu. Kwa msichana anayepima iwapo atafungua kinywa mbele ya kamati ya nidhamu, tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao.

Unyanyasaji wa kijinsia nao ni mpana mno, kwa kuwa umebeba pia kipigo cha mke na kunyimwa urithi. Fomu ya malalamiko yenye jina hilo haimwelezi karani iwapo maneno machafu ya meneja wake yamo. Yamo: sheria ya Uganda inataja ombi lenye ahadi au tishio, lugha, picha na vitendo vya mwili. Unyanyasaji wa kingono ungefaa zaidi; haya ya kutamka ngono ofisini si hoja ya kitaaluma.

Hata hivyo, jina sahihi halifanyi kazi peke yake. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na sera yake tangu 2006, lakini mwaka 2018 kililazimika kuunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Sylvia Tamale. Kifungu cha 7 nacho, kama kilivyopitishwa, kinamtaja mwajiri na mwakilishi wake, kikimwacha mfanyakazi mwenza. Na wajibu wa kuweka hatua za kuzuia unawahusu waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 25 tu. Duka la Kikuubo lenye wauzaji sita haliguswi na wajibu huo. Mfasiri hana ruhusa ya kuandika “mtu yeyote kazini” mahali palipoandikwa mwajiri. Pengo hilo ni la Bunge kuliziba.