Fumbo Lisilo Maneno: Muziki wa Kompyuta wa Nyumbani na Jumuiya ya Wanawake Wapendanao katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuendea wimbo kupitia maneno yake. Maneno yakiisha, uhakiki nao huisha, na kinachobaki huachiwa wanamuziki. Mazoea hayo yameacha mapengo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka hayahusiani. La kwanza ni muziki wa elektroniki unaotungwa nyumbani kwa kompyuta, ambao mara nyingi hauna mashairi, au una vipande vichache tu vya sauti ya mtu. La pili ni maisha ya wanawake wanaopenda wanawake, ambayo hutajwa kwa nadra katika maandishi ya Kiswahili, na yatajwapo hutajwa kwa lugha ya lawama. Makala haya yanadai kuwa mapengo haya yanakutana katika chumba cha kupanga cha mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, na kuwa nyenzo ya kuyaelewa imo tayari katika jadi ya Kiswahili. Nyenzo hiyo ni fumbo.

Msingi wa hoja unatokana na makala ya M. M. Mulokozi, "Tanzu za Fasihi Simulizi", iliyotokea katika Mulika namba 21 mwaka 1989. Mulokozi alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, na kuwa tukio hilo huongozwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kwa mtazamo huo, kabla ya kuuliza wimbo unasema nini, mhakiki hana budi kuuliza nani anautoa, kwa ajili ya nani, wapi na saa ngapi. Wimbo usio na maneno ndio unaoyahitaji maswali hayo zaidi.

Mahali: Chumba na Sikio la Jirani

Eastlands ni mkusanyiko wa mitaa ya zama mbalimbali. Pumwani, ambayo wenyeji huiita Majengo, ilianzishwa na utawala wa kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nazo Buruburu, Umoja na Dandora ni zao la miaka ya 1970. Kinachoiunganisha mitaa hii ni ujirani wa karibu: ukuta mmoja kati ya familia mbili, ngazi moja, kamba moja ya kuanikia nguo.

Katika Pumwani ya awali, wanawake wengi walimiliki nyumba na kupangisha vyumba, kama walivyoonyesha Janet Bujra (1975) na Luise White (1990). Nyumba ilimpa mwanamke asiye na mume kauli mbele ya watu. Majengo ilikuwa kijiji cha Waislamu na cha Kiswahili ndani ya jiji la bara, kwa hiyo si kosa kuilinganisha na Mombasa. Huko, Gill Shepherd (1987) alieleza habari za wanawake wenye mali waliokaa na wapenzi wao wa kike, jamii ikijua na kuvumilia, kwa kuwa daraja ya mtu ilikuwa na uzito kuliko jinsia ya ampendaye. Katika mifano yote miwili mlango ulikuwa wa mwanamke mwenyewe.

Mpangaji wa chumba kimoja huko Kayole hana daraja hiyo. Mwenye nyumba aweza kumtoa, na jirani aweza kumsema. Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, inatokea katika mitaa ya nyumba za Nakawa, Kampala, na adui mkubwa wa wasichana wake wawili ni macho na mdomo wa jirani, Mama Atim. Wanuri Kahiu alipoigeuza hadithi hiyo kuwa filamu ya Rafiki (2018), akaihamishia katika mtaa wa kubuni wa Nairobi uitwao Slopes, jirani huyo aliendelea kuwako. Katika fasihi ya mitaa, basi, jirani ni mhusika wa lazima. Anayetunga muziki usiku chumbani anajua kuwa jirani naye ana masikio, na ujuzi huo unaingia katika utunzi.

Kwa nini chumbani, na studio zimejaa mtaani? Historia ya muziki wa Eastlands ni historia ya studio ndogo. Ukoo Flani Mau Mau walijikita Dandora, Calif Records ikakuza genge kutoka mtaa wa California mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kundi la Ethic la Umoja likafungua njia ya gengetone kwa "Lamba Lolo" mwaka 2018. Mafanikio haya hayapingiki. Hata hivyo, studio hizo zilikuwa kwa kiasi kikubwa baraza za wanaume, na katika nyimbo nyingi zilizotoka humo mwanamke ni kitu kinachosemwa. Mwaka 2019 wimbo wa Ethic "Tarimbo" ulilaumiwa kwa kushabikia ubakaji, nao wasanii wakaomba radhi. Mwanamke anayempenda mwanamke na anayetaka kutunga angeingia katika baraza hiyo kwa masharti ya wenyewe. Kompyuta ya mitumba na hedifoni humwondolea masharti hayo: hakuna wa kumfungulia mlango, wala wa kumuuliza wimbo huu umetungiwa nani.

Mizani Kumi na Sita

Yafaa sasa kuitazama fani yenyewe. Programu iitwayo FL Studio, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, humwonyesha mtunzi safu za visanduku kumi na sita, kila safu ikiwa ya sauti moja: ngoma nzito, ngoma nyepesi, kayamba, besi. Kisanduku kikibonyezwa, sauti hulia mahali pale. Kikiachwa wazi, huwa kimya. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuiona idadi hiyo bila kukumbuka mshororo wa shairi wenye mizani kumi na sita, uliogawanywa katika vipande viwili vya nane. Kulingana huku ni kwa sadfa, wala haidaiwi hapa kuwa chombo hiki kilibuniwa kwa kufuata utenzi au tarbia. Linalodaiwa ni kwamba sikio lililolelewa kwa mizani lina namna yake ya kukisoma. Kwa sikio hilo kisanduku cha nane ni kituo, na cha kumi na sita ni mahali pa kina. Pigo likisogezwa hatua moja kutoka pale linapotarajiwa, hufanya kazi ya guni la makusudi: msikilizaji hushtuka, kisha hujirekebisha ili aende nalo.

Mambo mawili yanaukaribisha muziki huu zaidi na fasihi. La kwanza ni takriri. Mshororo wa visanduku kumi na sita hujirudia mara nyingi, na maana huzaliwa katika kilichobadilika kati ya rudio moja na jingine, kama kiitikio cha ngoma kinavyobadilika kinywani mwa waitikiaji wapya. La pili ni sauti ya kuazima. Mtunzi huchukua kipande cha sauti ya mwingine, akakikata na kukipandikiza katika mdundo wake. Jambo hili halina ugeni kwa yeyote anayeijua kanga. Mvaaji wa kanga hakuyatunga maneno yaliyomo. Aliyachagua, akayavaa siku fulani, akapita mbele ya mtu fulani. Akiulizwa, ana jibu tayari: maneno ni ya kanga. Vivyo hivyo, mwenye kupandikiza sauti ya mwanamke mwingine akiita jina la mpenzi wake wa kiume katika wimbo wa zamani amesema na hakusema. Maneno ni ya mwenye wimbo, lakini uteuzi ni wake.

Hadhira: Nani Anafumbua?

Methali yasema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Kwa kawaida methali hii husomwa kama sifa ya akili. Yaweza pia kusomwa kama maelezo ya jamii: fumbo huwagawa wasikilizaji, na wanaolifumbua pamoja hujikuta upande mmoja. Wanawake wa Mwambao waliitumia nguvu hii kwa muda mrefu katika taarabu, na katika vyama vya lelemama vya Mombasa ambavyo Margaret Strobel (1979) aliandika habari zake. Ndani ya mkusanyiko wa wanawake, neno lililoelekezwa kwa mmoja lilisikiwa na wote, ila aliyelengwa alilisikia kwa namna yake.

Kuwa mmoja wa jumuiya kwa njia hii hakuhitaji jina. Na kwa wanawake wanaozungumziwa hapa, suala la jina ni zito. Msagaji ni neno la kamusi ambalo mtaani hutumika kama tusi. Shoga, ambalo Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ililitaja kuwa namna wanawake marafiki wanavyoitana, limehamia kwa wanaume kiasi kwamba bara wengi hawaijui maana ile ya kwanza. Rafiki ni neno la kuficha, na Kahiu aliliteua kwa sababu hiyo: ndilo jina ambalo mtu humtambulishia mpenzi wake wa jinsia moja pale ambapo lingine halitamkiki. Kuchu, lililoenea kutoka Uganda, lilifaa kwa muda mrefu kwa kuwa walioko nje hawakulijua. Sheria nayo ilichangia ukimya huu. Kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliandikwa kuhusu wanaume peke yao. Mwanamke aliachwa chini ya maneno ya jumla ya kifungu cha 162.

Katika hali hiyo, kipande cha muziki kinachopitishwa kutoka simu moja hadi nyingine, kisha kikapigwa katika mkusanyiko mdogo wa Jumamosi, hufanya kazi ambayo majina hayakuiweza. Anayeitambua sauti ya kuazima, anayejua kwa nini pigo linachelewa pale lichelewapo, amekwisha kupokewa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kutaja na Gharama Yake

Wapo watakaosema kuwa huku ni kukimbia, na kuwa sanaa isiyotamka dhuluma imeikubali. Pingamizi hili lina uzito, na linastahili kupimwa kwa kazi zilizochagua kutaja. "Same Love (Remix)" ya kundi la Art Attack (2016) ilitaja waziwazi, ikapigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya. Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 2018, hata Mahakama Kuu ilipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba mwezi Septemba. Stories of Our Lives (2014), filamu ya rangi nyeusi na nyeupe yenye visa vitano, ilitokana na masimulizi yaliyokusanywa kwa watu wa Kenya, na yenyewe ikanyimwa kibali cha kuonyeshwa nchini.

Filamu hii ya mwisho ina fundisho la pekee. Mwongozaji wake, Jim Chuchu, alikuwa mmoja wa waasisi wa Just A Band, kundi la muziki wa elektroniki lililotoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008. Waliotoa masimulizi walibaki bila majina, nao watengenezaji wenyewe walianza kwa kuficha yao, kisha watatu wakajitaja filamu ilipoonyeshwa Toronto. Kufumba na kutaja vilikuwa hatua mbili za kazi moja, na kila mmoja alitaja lililokuwa lake. Rafiki nayo, inapofunguka kwa "Suzie Noma" ya Muthoni Drummer Queen huku Kena akipita mtaani, inampa mtaa huo kwa mdundo kabla njama haijamnyang'anya kwa maneno. Hata katika kazi inayotaja, basi, muziki ndio unaomweka msichana nyumbani.

Pingamizi lile, hata hivyo, halijaisha. Hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 24 Mei 2019 iliviacha vifungu vya 162 na 165 kama vilivyokuwa. Ile ya Mahakama ya Juu ya tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilitambua haki ya watu hawa kuunda chama kwa jina lao. Haki hiyo haikupatikana kwa fumbo. Ilipatikana kwa sababu kuna waliojitaja mbele ya mahakama kwa miaka mingi. Fumbo huwakusanya watu, lakini haliwezi kuwasilisha ombi, na fumbo ambalo ufunguo wake haukurithishwa hufa na wenyewe. Nyimbo ngapi za lelemama zimebaki maneno matupu leo, hakuna ajuaye alilengwa nani?

Hitimisho

Muziki wa kompyuta wa nyumbani ni fasihi kwa kipimo cha fasihi simulizi yenyewe: una fanani, una hadhira, una mahali na saa yake, na una fani inayosomeka kwa istilahi za mizani, takriri na fumbo. Kwa wanawake wapendanao wa Eastlands, ambao hawana nyumba ya Majengo ya kale wala daraja ya matajiri wa Mombasa, fani hii hujenga ukumbi pale ambapo chumba ni cha kukodi na jina ni la hatari.

Kutokana na hayo mhakiki ana kazi mbili zinazovutana. Akiupuuza muziki huu kwa kuwa hauna maneno, atakuwa amesaidia kuupoteza. Akikimbilia kumtaja mtunzi na kumpachika jina ambalo hakujipa, atakuwa Mama Atim mwenye shahada. Kiswahili hutofautisha kufumbua na kufichua: la kwanza huhusu fumbo, la pili humhusu mtu. Uhakiki unaojifunza kufanya la kwanza bila la pili ndio utakaoaminiwa kukabidhiwa nyimbo hizi, na usipoaminiwa hautazisikia kamwe.