Jicho Linalojua Kukomesha Rangi

Katika maabara ya patholojia, kipande cha pafu hulowekwa kwenye fomalini, hupitishwa kwenye alkoholi, kisha hugandishwa ndani ya nta. Fundi hukikata kwa mikrotomu, unene wa mikroni 4 au 5, na vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Huulaza utepe huo juu ya maji ya vuguvugu mikunjo itoke, kisha huuopoa kwa kioo. Mkunjo mmoja ukibaki, ukuta wa mshipa utaonekana mnene kuliko ulivyo.

Kinachonistaajabisha zaidi huja baadaye, kwenye rangi aliyoibuni Frederick Verhoeff mwaka 1908. Hematoksilini, kloridi ya chuma na iodini huchanganywa, na mchanganyiko huo hugeuza karibu kila kitu kuwa cheusi. Ufundi wenyewe ni kuuondoa weusi. Fundi huchovya kioo kwenye kloridi ya chuma iliyozimuliwa, hukitoa, hukitazama kwa hadubini, hukirudisha tena. Sehemu nyingine za tishu huachia rangi mapema. Nyuzi za elastini, protini inayoupa mshipa mnyumbuko, huing'ang'ania. Akichelewa, nyuzi nyembamba nazo hupauka. Mzoefu hukomea kabla kidogo, kwa kuwa rangi ya van Gieson inayofuata ina asidi ya pikriki, nayo huendelea kuuchuja weusi huku ikitia kolajeni wekundu na misuli umanjano. Saa ya ukutani haimsaidii sana hapo. Jicho ndilo huamua.

Sasa mshipa unasomeka. Ateri ya misuli katika pafu lenye afya ina mistari miwili myeusi ya elastini, na kati yake msuli mwembamba. Kwa mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu katika ateri za mapafu, msuli umenenepa, wekundu wa kolajeni umezidi, na mstari wa ndani umekatika. Elastini hutengenezwa zaidi tumboni mwa mama na utotoni; ukubwani ni vigumu kuifidia. Vimeng'enya vya elastasi vikiikata, huachia vichocheo vya ukuaji vilivyonaswa kwenye kiunzi cha protini nje ya seli. Seli za msuli huongezeka, na protini ya tenasini-C huzisaidia kuishi. Mshipa hukakamaa na kuwa mwembamba, na upande wa kulia wa moyo hubeba mzigo. Mwaka 2000, kundi la watafiti la Marlene Rabinovitch lilionyesha kwamba kuzuia elastasi kuliurudisha nyuma ugonjwa huo kwa panya.

Hata hivyo, uzi uliopaushwa na mkono wa fundi unaweza kufanana na uliokatwa na ugonjwa. Ndiyo maana maabara makini hupitisha pia kioo cha mshipa wenye afya kwenye dawa zilezile, siku ileile. Mistari yake ikibaki myeusi bila pengo, basi pengo la mgonjwa linaweza kuandikwa kwenye ripoti.