Keria ya Paani na Keria ya Nyuma

Waliosimama kandokando ya barabara za Kigali mwezi wa Septemba 2025, pale mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani yalipofanyika kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, waliona nyuma ya waendeshaji msafara wa magari yaliyobeba baiskeli za akiba paani, zimesimama wima, moja kando ya nyingine. Mtu mwenye gari na baiskeli mbili nyumbani, akiyatazama hayo, hakosi kuwaza kwamba madhali mabingwa wa fani hii, wenye fedha na mafundi na maarifa ya kila namna, wamechagua paa, basi paani ndipo mahali pa baiskeli. Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Keria ya paani ya magari ya mbio ni jawabu sahihi, lakini ni jawabu la suali ambalo mwenye gari la nyumbani hakuulizwa.

Suali lenyewe lilizaliwa na mageuzi ya kanuni. Mwaka 1913, katika Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele wa baiskeli yake alipokuwa akiteremka mlima wa Tourmalet, katika safu ya Pyrenees. Na kwa kuwa sheria ya siku zile ilimharamishia mshindani msaada wa mtu yeyote, ilimlazimu kwenda kwa miguu na baiskeli yake zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, akaufua uma ule kwa mikono yake mwenyewe, na juu ya taabu yote hiyo akatozwa adhabu ya dakika kadhaa kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Katika mbio za namna ile, gari lenye baiskeli za akiba halina kazi. Leo timu ina ruhusa ya kumpa mtu wake gurudumu, au hata baiskeli nzima, na hivyo kila kilichomo garini, na kila kilicho juu yake, hupangwa kwa ajili ya zile sekunde chache ambazo mwendeshaji amesimama kando ya barabara, naye anawatazama wenzake wakimpita.

Zizingatiwe sekunde hizo, maana ndani yake ndimo ilimo siri ya paa. Fundi huketi kiti cha nyuma, magurudumu ya akiba yakiwa karibu na mkono wake, na gari likisimama tu hushuka mbio. Endapo gurudumu halitoshi, hugeuka akanyoosha mikono juu na kuiteremsha baiskeli ya mwendeshaji yule. Na ndiyo sababu baiskeli ya kiongozi wa timu aghalabu huwekwa ukingoni mwa paa, mahali inapofikika pasi na kupanda wala kuegemea kitu. Kila baiskeli paani ina kiti chake, haimzuii jirani yake wala haizuiwi naye. Nyuma ya gari mambo huwa kinyume, kwani huko baiskeli hupangwa moja mbele ya nyingine, hata iliyotangulia kupakiwa ikawa ya mwisho kushushwa, na fundi anayeitaka ile ya ndani hana budi kuanza kwa kuiondoa ya nje. Tena buti la gari la timu limejaa maji, vyakula na makoti ya mvua, nalo halina budi kufunguka wakati wowote. Na zaidi ya hayo, msafara ule huenda bampa kwa bampa, katika njia nyembamba za milimani. Chochote kitakachochomoza nyuma ya gari ndicho kitakachokuwa cha kwanza kugongwa.

Uzani nao umewapa wepesi ambao sisi wengine hatuna. Kanuni za chama cha kimataifa cha mchezo huu zimeweka kilo 6.8 kuwa uzani wa chini wa baiskeli ya mashindano, na baiskeli za mabingwa hazipandi mbali sana juu ya kipimo hicho, hivyo kwamba nane kwa pamoja zinakaribia kilo 60 tu. Kijana mwenye afya huinua moja kwa mkono mmoja. Paa la gari la kawaida huruhusiwa na watengenezaji wake kubeba baina ya kilo 50 na 100, chuma cha keria kikiwa kimehesabiwa ndani yake. Na baiskeli mbili nzito za mlimani, za kilo 15 kila moja, hazishindi paa hata kidogo. Hushinda mabega ya yule anayezipandisha.

Hata hivyo, keria iliyo bora duniani haifai kitu ikiwa gari lenyewe halikufika. Tarehe 14 Julai 2016, katika Tour de France, wakati wa kupanda Mont Ventoux, upepo wa kileleni ulikuwa mkali hata mwisho wa mbio ukashushwa hadi Chalet Reynard, na watazamaji ambao wangalienea mlima mzima wakasongamana katika sehemu ya chini, njia ikazibwa. Pikipiki ya wapiga picha ilisimama ghafla. Richie Porte akaigonga, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa amevaa fulana ya manjano ya kiongozi, akaanguka pamoja naye, kisha pikipiki nyingine ikaivunja baiskeli yake. Baiskeli zilizomfaa, zilizopimwa kwa urefu wa miguu yake, zilikuwa paani mwa gari la timu yake. Nalo lilikuwa limenaswa nyuma, katikati ya watu. Froome akapanda mlima kwa kukimbia na viatu vya baiskeli, akapewa baiskeli ya manjano ya gari la msaada wa wote, ambayo ilikuwa ndogo kwake na pedali zake hazikukubaliana na viatu vyake, na baadaye tu ndipo gari lake likamfikia. Waamuzi walirekebisha hesabu ya dakika, naye akabaki na fulana yake. Mwenye kutaka kujua keria ile iliundwa kwa kazi gani na aitazame saa hiyo: iliundwa kwa ajili ya kushusha, wala si kwa ajili ya kusafirisha.

Sasa tumrejee mwenye gari la nyumbani, na tumchukulie, mathalani, mtu wa Nairobi anayekwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, mbuga ambayo mgeni huruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli. Safari ni ya takriban kilomita 90. Huyu hushusha baiskeli zake mara moja, kivulini, bila mtu kumpita. Amma mwendo wake wa barabarani ni mkubwa kuliko wa msafara wa mbio, na hapo ndipo upepo unapodai haki yake, kwa kuwa nguvu ya ukinzani wa hewa haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake: chombo kile kile kinachokutana na ukinzani fulani katika kilomita 40 kwa saa hukutana na ukinzani wa mara sita na robo kikifika kilomita 100. Gari la timu, likimfuata mtu anayekanyaga pedali, halilipi gharama hiyo kwa kiasi cha kutia hasara. Msafiri wetu huilipa kwa petroli, na kwa mvumo wa upepo masikioni tangu anapotoka mjini mpaka anapofika. Na pale barabara inapopita ukingoni mwa Bonde la Ufa, upepo wa ubavuni hulisukuma gari lililoongezewa mzigo juu, akauhisi usukani mikononi mwake. Baiskeli za nyuma, kwa lugha ya mabaharia, zimekaa upande wa demani: mwili wa gari umeshauvunja upepo wa omo kabla haujazifikia, ingawa miisho ya magurudumu huchomoza kidogo pande mbili.

Kisha kuna kimo. Gari dogo la mita moja na nusu, likibebeshwa baiskeli iliyosimama juu yake, hupita mita mbili na nusu, ilhali vizuizi vya maegesho ya chini ya majumba aghalabu huruhusu mita mbili na kidogo. Dereva amezoea kimo cha gari lake kwa miaka, na zoea hilo ndilo linalomponza, maana akirudi mjini jioni, amechoka, huingia langoni kama alivyoingia asubuhi ya jana. Na anachovunja si baiskeli peke yake, bali na keria, na pengine bati la paa.

Wala nyuma si peponi. Keria ya kamba, inayoshikizwa kwenye kingo za mlango wa buti, ni ya bei nafuu na huingia katika magari mengi, lakini hukwaruza rangi, kamba zake hulegea kwa kila tuta, na buti halifunguki mpaka vyote vishuke. Ile inayofungwa kwenye gurudumu la akiba, kwa magari kama Prado na RAV4 za zamani ambayo hubeba gurudumu hilo mlangoni, ni imara zaidi, ila uzani wote huning'inia katika bawaba za mlango, na bawaba zikishalegea mlango huanza kulia. Bora miongoni mwao ni ile inayokaa juu ya chuma cha kuvutia tela, kwani chuma hicho kimeshikana na fremu ya gari, na zilizoundwa vyema huinamishwa nyuma ili buti lifunguke. Chuma hicho nacho kina kikomo chake cha mzigo, kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Na wengi husahau kwamba keria yenyewe yaweza kufika kilo 15 hadi 20 kabla ya baiskeli kupakiwa.

Aibu kubwa ya nyuma, katika nchi zetu, ni vumbi. Gari lenye mgongo wa wima huacha nyuma yake uwazi wenye hewa hafifu, na uwazi huo huvuta vumbi la barabara ya changarawe na kuligandisha katika mnyororo uliopakwa mafuta, hata ukawa msasa unaozila gia zake zenyewe. Mvua ikinyesha, matope hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekwenda njia ndefu za vumbi na auvike mnyororo na gia gunia au turubai. Asitie turubai baiskeli nzima, maana hapo ameweka tanga, na tanga litavuta kamba mpaka zikatike. Tairi la chini lisielekee mdomo wa ekzosi, kwa kuwa moshi wa moto huilainisha raba polepole bila dereva kujua. Na kibao cha namba pamoja na taa za nyuma zikifichika, polisi wa barabarani hana haja ya kutafuta sababu nyingine ya kulisimamisha gari. Huko Ulaya keria nyingi za tela huja na taa zake na mahali pa kibao cha pili, na mnunuzi wa huku afanye vyema kudai hivyo hivyo dukani.

Rai yangu ni kwamba gari lenye chuma cha tela lichukue baiskeli nyuma, na paa liachiwe wale wanaovuta tela hasa, au wenye baiskeli nyepesi na njia safi, au ambao hawana pa kufungia chochote nyuma. Mwenye fremu ya kaboni achague, popote atakapoiweka, keria inayoshika magurudumu badala ya ile inayoibana fremu, kwa sababu kaboni huvumilia nguvu zilizotarajiwa na aliyeiunda, na kibano kilichokazwa na mtu mwenye haraka hakikuwamo katika hesabu zake. Amma mwenye baiskeli ya umeme, yenye kilo 25, hana la kuchagua: aing'oe betri na kuiweka ndani ya gari, uzani upungue, na chombo kilichosalia kipandishwe nyuma kwa watu wawili.