Chokaa ya Shangazi

Sebuleni kwa shangazi yangu, Area C, Dodoma, kuna bahari ya lita 200. Mgeni akiingia anakodolea samaki. Shangazi mwenyewe, kabla hajavua hata viatu, anainama kutazama alama ya wino mweusi aliyoichora ubavuni mwa kioo. Maji yakiwa chini ya alama, kuna deni la kulipa kabla ya chai.

Ni mtu wa Tanga. Alihamia huku mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamisha ofisi zake, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa maabara, kupima maji. Matumbawe yake hayakung'olewa pwani. Ni vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ng'ambo, vikaja na vibali, kwa kuwa matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES. Vibali hivyo anavihifadhi bahasha moja na cheti chake cha ndoa.

Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Oktoba upepo wake hunywa kila kilicho wazi. Ukianika kanga, ya kwanza inakauka hujafika ya mwisho. Tangi nalo hunywewa: lita 4 kwa siku, Septemba. Maji yanaruka, chumvi inabaki. Ile bahari ya gramu 35 za chumvi kwa lita inaanza kukolea, na anayejifunza huona maji yamepungua, akaongeza maji ya chumvi, akazidisha balaa. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi.

Lakini si ya bomba. Maji ya Dodoma mengi hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na mwenye birika anajua yanachoacha: ukoko mweupe, mgumu, wa kukwanguliwa kwa kijiko. Kwa hiyo shangazi huyapitisha kwenye mtambo wa kuchuja, na kila ndoo moja safi humwachia ndoo tatu zilizokataliwa. Hizo ni za kupigia deki na za chooni. Katika mji wa mgao wa maji, amenikemea zaidi ya mara moja kwa kutaka kuzimwaga.

Mpaka hapo ni uangalifu tu wa mtu wa nyumba. Ufundi unaanza kwenye kupima.

Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha matokeo ya uchambuzi wa sampuli 77 za maji ambazo meli ya utafiti ya Challenger ilizikusanya katika bahari za dunia. Alikuta kwamba chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa vitu vikuu vilivyomo karibu haubadiliki. Baharini, basi, ukijua kimoja umeshavijua vingine. Tangini hesabu hiyo inavunjika ndani ya wiki, kwa sababu tumbawe ni mwashi. Mchana kutwa linachota kalsiamu na kaboneti kutoka kwenye maji, linajenga mifupa yake. Bahari haihisi. Lita 200 zinahisi.

Ndiyo maana kila Jumamosi shangazi huketi karibu na dirisha na bomba la sindano. Maji kidogo kwenye chupa, unga kidogo, yanageuka waridi. Kisha tone, tikisa, tone, tikisa. Ukimsalimia wakati huo atainua kiganja tu. Anangoja waridi igeuke buluu, na buluu anayoitaka si ile ya kwanza inayopita na kurudi, ni ile inayokaa. Baharini kalsiamu ni kama miligramu 410 kwa lita. Yeye huishikilia kati ya 410 na 430. Anaandika kwenye daftari la shule. Namba moja haimshughulishi sana. Anafuata safu nzima, aone inaelekea wapi.

Na kinachopungua anakirudisha kwa chokaa.

Babu yake alikuwa mchoma chokaa. Miji ya mawe ya pwani ya Waswahili ilijengwa hivyo: matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanazimwa kwa maji, yanapakwa ukutani, na huko yanavuta hewa ya kaboni polepole mpaka yanarudi kuwa jiwe. Shangazi anakoroga chokaa safi iliyozimwa, ya kimaabara, gramu 1 kwa lita ya maji yaliyochujwa, na kuiacha itulie. Juu panafanyika utando mwembamba mweupe. "Huo ni ukuta," aliniambia, akiutoboa kwa mpira wa kunyonyea maji. Chokaa inabeba kalsiamu na alkali kwa uwiano uleule ambao tumbawe huvitumia kujengea. Kwa hiyo babu aligeuza tumbawe kuwa chokaa, na mjukuu anaigeuza chokaa kuwa tumbawe.

Hapo ndipo nilipouelewa upepo wa Dodoma. Maji ya chokaa huingia tu kwenye nafasi iliyoachwa na mvuke. Lita 4 zikiruka, lita 4 za chokaa zinaingia, na tangi linapata kama miligramu 10 za kalsiamu kwa kila lita. Ule ukavu niliokuwa nauhesabu kuwa adui ndio mlango wa chakula.

Maji hayo ya chokaa anayadondosha usiku. Taa zikizimwa, mwani mdogo uliomo ndani ya matumbawe huacha kula hewa ya kaboni, hewa hiyo inajaa majini, na pH inashuka. Chokaa, yenye pH ya zaidi ya 12, inaipandisha. Tone kwa tone, kwa muda wa saa nane au tisa. Mwaka wake wa pili valvu ilinasa ikiwa wazi na ndoo nzima ikaingia usiku mmoja. Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama tui. "Niliyachoma," alisema, kwa kitenzi kilekile cha tanurini, na hakuongeza neno.

Desemba mvua zikija, mji mzima unashukuru Mungu. Hewa inalowa, tangi linapoteza lita 2 tu, nafasi ya chokaa inakuwa nusu, na kuikoleza kuna mpaka wake, maana lita haiyeyushi hata gramu 2. Nilimkuta Januari, mvua inapiga bati hatusikilizani, ameinamisha feni ya mezani juu ya tangi, inapuliza kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo shangazi. Feni ya nini na baridi hii?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta Septemba."