Wapika Mawe

Maji yakikupwa Ras Kisimani, kisiwani Mafia, vigae vya vyungu huonekana mchangani, na kati yake vipande vya kuta za mji wa kale ambao bahari imeumega mwaka baada ya mwaka. Okota kipande kimoja. Baina ya matumbawe utaona chokaa.

Chokaa hiyo ilipikwa. Mchomaji hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, akiacha tundu la moto katikati, kisha hulundika matumbawe juu yake. Moto ukifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kupoteza karibu nusu ya uzito wake, lakini umbo hubaki. Likinyunyiziwa maji hufoka mvuke, huchemka lenyewe, likaporomoka kuwa unga. Fundi mzuri hana pupa: huiacha chokaa ikae na kulainika kabla ya kuichanganya na mchanga. Ikishapakwa ukutani, hufyonza polepole gesi ile ile kutoka hewani hadi inageuka jiwe tena.

Bara, kusini mwa Ziwa Natron, kuna mpishi mkubwa zaidi. Bonde la Ufa linapotanuka, miamba ya chini huyeyuka na kupanda, kwa kuwa ni myepesi kuliko inayoizunguka. Kadiri mgandamizo unavyopungua, gesi iliyomo hutanuka na kuisukuma nje. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkeno hai pekee duniani inayomwaga zaha ya kabonati, jamaa ya chokaa. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la zaha nyingine nyingi. Hutiririka nyeusi, laini kama mafuta. Ikipata unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Lakini mwaka 2007 mlima ulilipuka na kumwaga majivu kwenye malisho ya Wamaasai. Mlima haujui kiasi. Mchoma chokaa anakijua: kuni ngapi, maji kiasi gani, asubiri mpaka lini.

Huko Mafia husimuliwa kwamba mtawala wa Kisimani alimkata mkono mwashi wake, asije akarudia kazi nzuri kama ile, na baadaye bahari ikaumeza mji. Rudi kwenye kipande ulichookota. Jaribu kubandua jiwe moja. Baada ya karne zote hizo za chumvi na mawimbi, chokaa bado imeshika.