Chuma na Kuni: Stimupanki Ikitazamwa kutoka Rumonge

Makala haya yanahoji dai la wapenzi wa stimupanki, yaani sanaa na mtindo wa maisha unaotukuza mitambo ya zama za mvuke, kwamba utamaduni wao ni rafiki wa mazingira kwa kuwa hutumia upya vyuma vilivyotupwa. Jina lenyewe lilibuniwa na mwandishi K. W. Jeter mwaka 1987, kwa nusu mzaha. Dai linalofuatana nalo halina mzaha.

Katika Ziwa Tanganyika dai hilo lina shahidi mwema: meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande na kuletwa Kigoma ndani ya makasha. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirejesha kazini mwaka 1927. Mwezi Mei 2015, ikiwa na umri wa karne moja, ilivusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ni nadra kupata chuma kilichotumika kwa uaminifu zaidi. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli, na abiria hawakuulilia mvuke.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya ujumi huu: hukipenda chuma na kusahau kinachochomwa. Kaskazini ya Kagunga, katika vinu vidogo vya mawese vya Rumonge, mapipa yaliyokwisha kazi huchemshiwa chikichi, na mashine za kukamulia, nyingi zikiwa za kuungaunga, huzungushwa kwa nguvu za watu. Mpenzi wa stimupanki angeukuta hapo ulimwengu wake wote, moshi na kutu pamoja. Fundi wa Rumonge hana habari ya jina hilo. Huunga chuma chakavu kwa sababu kipya ni ghali. Lakini chini ya pipa panawaka kuni, katika eneo ambalo msitu wake wa miombo umebaki kipande cha kuhifadhiwa.

Mshauri wa sera anayehesabu pipa lililookolewa bila kuhesabu mizigo ya kuni iliyoteketea chini yake amehakiki picha, hajahakiki kazi. Jiko lililozibwa vizuri, likilishwa makapi na vifuu vya chikichi zenyewe, lingepunguza kuni hizo, ingawa halina kutu wala magurudumu ya kumvutia mpiga picha.