Jini au Mtambo? Kuitambua Bunilizi ya Kisayansi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda umewahi kuandika kwamba hadithi yoyote yenye mambo yasiyowezekana ni fantasia, ukaishia hapo. Kauli hiyo haitoshi. Katika ngano, zimwi humeza kijiji kizima na hatuulizi limewezaje. Katika bunilizi ya kisayansi, ajabu hutokana na maarifa ya binadamu, na msomaji ana haki ya kudai sababu.

Wahakiki wengi huanzia kwa Mary Shelley, aliyechapisha Frankenstein mwaka wa 1818. Kabla yake, Luigi Galvani wa Italia alikuwa ameonyesha kwamba umeme hushtua misuli ya chura aliyekufa. Shelley akaliendeleza wazo: je, maiti akitiwa uhai, nani atamlea? Mhusika wake Victor hatumii hirizi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, si kuumba bali kumtelekeza aliyemuumba.

Utanzu huu ulienea kwa kuyabeba maswali ya kila jamii. Nchini Uingereza, H. G. Wells aliwaleta wavamizi kutoka Mirihi katika The War of the Worlds (1898), Waingereza wakaonja uvamizi waliowaonjesha wengine. Nchini India, Rokeya Hossain alisawiri katika "Sultana's Dream" (1905) nchi ambamo wanawake hutawala kwa elimu ya sayansi na wanaume ndio wanaotawishwa. Naye Karel Čapek, Mcheki, aliupa ulimwengu neno roboti katika tamthilia yake R.U.R. (1920). Neno hilo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, na roboti wake huasi.

Sasa tumtazame Katama Mkangi. Katika Walenisi (1995), Dzombo anafika kwa chombo cha angani katika nchi yenye usawa. Je, hii ni bunilizi ya kisayansi? Mkangi hajishughulishi sana na ufundi wa chombo. Anatafuta kipimo cha kuipimia jamii anayoikosoa. Hivyo, ameazima umbo la utanzu kwa lengo la kisiasa, kama Rokeya alivyofanya. Si uigaji mtupu wa Wazungu.

Basi mtahiniwa, usiishie kutaja chombo. Eleza kinambeba nani, kinamtoa wapi, na kwa nini haki hiyo haikufikika kwa miguu.